Wasifu wa Bi Sabuni Aliye Hai

"Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili," Redio alisema, akiyashika yote asije akasingiziwa kwamba alitumia moja. "Umesema marehemu. Umesema marehemu Bi Sabuni, mwosha maiti wetu, ametutoka. Sasa unanigeuka?"

"Nilikuwa nasoma, jirani."

"Unasoma umarehemu wa mtu aliye hai?"

"Nilikuwa nasoma nilichoandika."

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Kumbe umemuua kwa maandishi."

Watu waliosimama uchochoroni walicheka, ila kile kicheko cha kuziba mdomo, maana hawakuwa na hakika bado kama huu ni msiba au ni kituko. Dada Makaburi hakucheka. Alikuwa mlangoni kwake na makaratasi mkononi, anazunguka palepale kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Redio alikuwa jirani yake wa ukuta, na jina lile alipewa kwa sababu matangazo yake hayakatiki hata umeme ukikatika. Ukuta wenyewe ulikuwa ukuta wa jina tu. Ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuombea afya. Na Dada Makaburi, kwa bahati mbaya, hakuwa mtu wa kuandika kimya kimya.

Kazi yake ilikuwa hiyo: historia, vifo na mazishi. Hakuwa na ofisi wala bosi. Leo anaandikia jarida, kesho familia inamwita aandike habari za babu yao, keshokutwa yuko makaburini amepiga magoti, anafuta ukungu kwenye jiwe ili asome tarehe. Ukimuuliza habari za asubuhi, anakujibu kwa habari za kipindupindu cha miaka mia moja iliyopita. Tena alikuwa na sharti lake moja: wasifu wa mtu aliuandika mtu huyo akiwa bado anapumua. "Akishakufa," alikuwa akisema, "kila mtu anageuka malaika, hutapata hata jirani mmoja wa kukuambia kwamba alikuwa mchoyo." Na kwa kuwa wasifu unasomwa mbele za watu, alipomaliza kuuandika aliusoma kwa sauti, ile sauti nzito ya kwenye msiba, ili asikie kama kuna sentensi inayochechemea.

Siku hiyo, saa sita mchana, aliusoma wa Bi Sabuni. Redio upande wa pili alikuwa anachambua mboga. Kisu kilimponyoka.

Kabla Dada Makaburi hajafika ukurasa wa tatu, mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari. Mwenye viti vya kukodisha alileta vya plastiki hamsini na turubai. Akina mama wakaja na masufuria vichwani. Kilio kikaanza mlangoni kwa Bi Sabuni, ng'ambo ya uchochoro, na Bi Sabuni, aliyekuwa amejilaza, aliposikia kilio alifanya kile alichokifanya miaka arobaini: aliamka, akatwaa ndoo na taulo, akatoka nje kuuliza nani amefariki.

Wawili walikimbia. Mmoja alizimia kidogo. Wengine wakabaki wameduwaa, na ni mwenye viti aliyejikaza akamwambia, "Samahani, Bi, tumeambiwa ni wewe."

Bi Sabuni aliwatazama, akaitazama ndoo yake, akarudi ndani na kufunga mlango kwa komeo.

Hilo komeo ndilo lililomzungusha Dada Makaburi mlangoni kwake. Kelele za Redio angezivumilia. Amezivumilia miaka sita. Lakini kitabu chake kuhusu watu wanaoandaa maiti kilikuwa kimebakiza sura moja, ya mwisho, na sura hiyo ilikuwa ya Bi Sabuni. Wiki nane amekuwa akivuka uchochoro kila alasiri, anakaa kwenye mkeka, anasikiliza. Na wiki nzima hii ya mwisho bibi huyo alikuwa akimaliza mazungumzo kwa neno lilelile: "Kuna moja sijakwambia." Alikuwa na miaka themanini na mitatu. Mlango ule usipofunguka, hiyo moja inaondoka naye. Na zaidi ya kitabu, Dada Makaburi alikuwa amemzoea. Hakuwa na nyumba nyingine ambako akipiga hodi anajibiwa, "Umechelewa leo."

Akavuka. Watu wakampisha.

Mtoto wa Bi Sabuni alikuwa ameshafika, mshonaji, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, jasho linamchuruzika.

"Dada, wewe ni msomi," alisema, pumzi juujuu. "Nimetoka kwenye cherehani mbio mpaka hapa. Njiani watu wananipa pole, napokea. Nimemlilia mama yangu barabara nzima, nafika dirishani, ananiuliza kama nimekula."

"Nisamehe, mdogo wangu. Ni kusoma tu."

"Ungesoma moyoni kama watu wengine."

Akaugeukia mlango. Akapiga hodi. Akapiga tena.

"Nani?"

"Ni mimi, Bi. Shikamoo."

"Marehemu hapokei shikamoo."

Nyuma yake mtu alikohoa ili asicheke. Dada Makaburi aliegemeza paji la uso kwenye mlango, akaondoa, akahama mguu huu kwenda ule. "Bi, nifungulie nikueleze."

"Unieleze nini? Nilivyokufa? Hayo makaratasi unayo?"

"Ninayo."

Komeo likavutwa. Mlango ulifunguka nusu, na Bi Sabuni akarudi kuketi kwenye kigoda chake katikati ya chumba, ndoo pembeni, kanga ya kichwani imekaa upande kwa hasira.

"Soma," alisema. "Hapohapo kizingitini. Ndani huingii."

Basi akasoma. Watu walivuta viti vya plastiki wakakaa, maana viti vilikuwapo na shughuli ilikuwapo. Mwenye viti alivua kofia, halafu akakumbuka, akaivaa. Dada Makaburi alisoma alipozaliwa Bi Sabuni, na jinsi alivyoolewa na fundi baiskeli aliyekuwa akipiga mluzi usingizini. Alisoma habari za mwaka wa mafuriko, Bi Sabuni alipoosha maiti kumi na tisa kwa siku tatu, na sabuni ilipokwisha akagonga nyumba baada ya nyumba kuomba vipande. Hapo ndipo jina lake lilipotoka. Wazee wawili waliitikia kwa vichwa. Bi Sabuni alikuwa amefumba macho.

"'Hakuwahi kuogopa maiti,'" alisoma Dada Makaburi. "'Aliwaita kwa majina yao. Aliwauliza kama maji ni ya baridi. Aliwasimulia habari za mtaani, kwa upendo wa mama anayemwogesha...'"

"Simama hapo. Umeongopa."

"Wapi, Bi?"

"Hapo. Sikuwahi kuogopa. Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe. Siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza ulikuja na daftari jipya. Mtu akija na daftari jipya, maneno ni kama nguo: unampa ya kutokea, huwezi kumpa ya kushindia jikoni." Alifumbua macho. "Nilikuwa naogopa. Wa kwanza nilimwogopa, na wa mwisho nilimwogopa vilevile. Nikinyamaza, mikono inatetemeka. Mikono ikitetemeka utamwangusha mtoto wa watu, na mlangoni wamesimama ndugu zake wanakuamini. Ndipo nikaanza kuongea nao. Wakasema, jamani, ana mapenzi na marehemu. Mapenzi gani? Nilikuwa nazuia mikono. Umbea wa mtaa huu wameupata wafu zaidi kuliko walio hai."

"Kumbe nilikuwa na mshindani," Redio alisema kwa sauti ndogo, na safari hii watu walicheka bila kuziba mdomo.

Bi Sabuni hakucheka. Alikuwa anamtazama Dada Makaburi, aliyekuwa anakunja na kukunjua kona ya karatasi.

"Hiyo ndiyo moja ambayo sikukwambia. Na wewe? Umeandika mazishi ya watu wangapi?"

"Mengi, Bi. Sijui idadi."

"Umewahi kumgusa hata mmoja?"

Viti vya plastiki vililia, watu wakiinama mbele wasikie. Dada Makaburi alitazama chini, akatazama dari, akataka kuondoka, akaona pa kupita hapana.

"Sijawahi," alisema. "Hata baba yangu. Shangazi zangu waliniita mara tatu niingie nimuage. Nilisema natafuta kalamu. Baadaye nikaandika kurasa tisa za mazishi yake, watu wakasifu."

"Kurasa tisa," Bi Sabuni alisema polepole. "Sasa futa hapo. Usiandike hakuogopa. Andika alikuwa mwoga na kazi hakuiacha."

Dada Makaburi alijipapasa mifukoni. Mshonaji alimtazama akijipapasa, akavuta pumzi, akatoa chaki yake ya kuchoria vitambaa na kumpa bila neno. Akafuta mstari mzima akiwa amesimama, karatasi ameibana kwenye fremu ya mlango, akaandika juu yake maneno ya Bi Sabuni kwa herufi kubwa za chaki ya bluu. Mikono ilimtetemeka. Bi Sabuni aliiona, akaiacha itetemeke.

"Nisomee."

"'Alikuwa mwoga na kazi hakuiacha.'"

"Sasa huyo namjua."

Nje akina mama walikuwa wameanza kuulizana masufuria yarudi makwao au vipi. Bi Sabuni aliwaambia wapakue, watu wamekuja kwa miguu na jua ni kali. Mshonaji akaingia kutafuta sahani. Redio akamfuata bila kualikwa, kama kawaida yake, akiuliza vijiko vinakaa wapi. Dada Makaburi alibaki kizingitini, makaratasi yamekumbatiwa kifuani, vidole vina bluu.

"Na wewe mbona umesimama?"

"Ulisema nisiingie, Bi."

"Nilimwambia yule aliyeandika kwamba siogopi." Bi Sabuni alisukuma ndoo kando kwa mguu, akapigapiga mkeka. "Ingia, mwanangu, nawa mikono, ule. Chakula cha msiba wangu siwezi kukimaliza peke yangu."