Bodi Haioni Kibodi

Mume wangu Kagwe ana ugonjwa wa kufungua vitu. Redio ikikoroma kidogo, ataifungua. Pasi ikichelewa kupata moto, ataifungua. Siku ya harusi ya kaka yangu alifungua spika za kanisa dakika kumi kabla ya ibada, na bwana harusi akala kiapo bila maikrofoni. Yeye ni fundi wa umeme katika kiwanda cha nguo huko Thika, na nyumba yetu hapa Ruiru imejaa skrubu zilizobaki baada ya vitu kufungwa. Nikimuuliza zimetoka wapi, ananiambia wenye viwanda huwa wanatia nyingi kupita kiasi.

Kwa hivyo mwaka wa tisini na saba aliponiambia kwamba atanitengenezea kompyuta kwa mikono yake mwenyewe, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu nikaona yeye hacheki.

Nilikuwa taipisti wa serikali kwa miaka kumi na tisa. Maneno sabini kwa dakika, na macho yako kwenye karatasi, si kwenye vidole. Kisha serikali ikapunguza wafanyakazi. Barua za kuwaaga watu wa ofisi yetu nilizitaipu mimi, ishirini na tatu kwa jumla, na ya ishirini na tatu ilikuwa na jina langu. Niliitaipu vizuri kama zile nyingine, nikaipeleka kwa mkubwa aitie sahihi.

Baada ya hapo nilikaa nyumbani miezi minane nikishona vitambaa. Dada yangu Ngendo alinitafutia nafasi ya kuuza mitumba kando ya meza yake, sokoni Githurai 45. Sina neno baya juu ya mitumba, Ngendo amesomesha watoto wanne kwayo. Lakini mimi nilikuwa taipisti. Hata usingizini vidole vyangu vilikuwa vinataipu juu ya blanketi, na aliyekuwa akivihisi mgongoni ni Kagwe. Alianza tu kuleta vipande.

Sanduku alilipata kwa ofisi iliyokuwa ikihama. Skrini ilikuwa imegeuka manjano kama meno ya mvuta sigara. Bodi, ile sahani kubwa ya ndani ambayo kila kitu huchomekwa, aliinunua Nairobi kwa mtu anayeuza vitu vilivyotumika. Kitu kimoja tu kilikuwa kipya, ndani ya boksi lake na plastiki yake: kibodi.

"Mbona hii umenunua mpya?" nilimuuliza.

"Kwa sababu hiyo ndiyo utashika wewe," akasema, akaendelea kutafuta bisibisi yake.

Alhamisi moja ya Julai mashine iliwaka. Nilitaipu jina la binti yetu Jackie, aliyekuwa shule ya bweni, nikalitazama kwenye skrini nikaona aibu kwa vile machozi yalivyonitoka. Siku hiyo hiyo nilimpigia simu Fahim, kijana wa Thika aliyekuwa akimaliza chuo kikuu hapo Juja. Alikuwa na mradi wake wa mwisho, kurasa sitini na mbili zilizoandikwa kwa mkono kuhusu pampu za maji, na zilitakiwa zikabidhiwe Jumatano.

"Ukinimalizia hii, auntie," alisema, "nitakuletea hostel mzima."

Naye Ngendo alitaka jibu Jumatatu. Kwa hivyo mambo yalikuwa wazi. Mashine ikifanya kazi, mimi ni taipisti tena. Isipofanya, Jumatatu niko Githurai nakunja suruali za watu nisiowajua.

Ijumaa asubuhi nikaiwasha, ikakataa. Ilianza kulia pi, pi, pi, pi bila kupumua, na kwenye skrini kukatokea maneno ya Kizungu kwamba hakuna kibodi, na kwamba nibonyeze kibodi ili kuendelea. Nilibonyeza. Ikazidi kulia. Nikaizima na kuiwasha mara sita, nikiitukana kila mara kwa tusi jipya, lakini haikubadili msimamo.

Kagwe alitoka kazini akaja moja kwa moja bila hata kunywa chai. Niseme kwamba nyumbani kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Viti vina vitambaa, televisheni ina kitambaa, hata chupa ya chai ina chake. Kompyuta pia nilikuwa nimeishonea, cheupe chenye maua ya manjano pembeni, kipande cha skrini na kipande cha kibodi. Kagwe alivitoa, akavikunja mara nne kwa adabu, akaviweka juu ya kiti. Kisha akafungua sanduku na kuingiza kichwa.

Jumamosi Fahim akaja na karatasi zake za mradi, na nyingine moja aliyonakili kwa rafiki chuoni. Hiyo ilieleza ugonjwa wa mashine kwa idadi ya milio: mara kadhaa ni kumbukumbu, mara nyingine ni skrini, na kadhalika. Wakakaa wawili kama wanaosikiliza mpira kwenye redio.

"Ni kumi na moja," Kagwe akasema.

"Mimi nimepata tisa, mzee."

"Wacha irudie."

Ilirudia. Ikawa kumi na nne, kisha ikawa haina mwisho. Kagwe alichomoa vijiti vya kumbukumbu akavisugua meno kwa kifutio cha penseli, akavirudisha. Pi, pi, pi. Wakachomoa kadi ya skrini, wakaipuliza, wakairudisha. Pi, pi, pi. Kagwe akapima waya wa kibodi kwa mita yake mwanzo hadi mwisho, mzima.

"Tujaribu na keyboard ingine?" Fahim akauliza.

"Ingine itoke wapi? Hii mtaa yote nani ako na kompyuta?" Kagwe akajibu. "Na hii ni mpya, juzi tu nimeitoa kwa plastiki. Shida si kibodi." Akaketi chini, akafuta mikono kwenye suruali. "Bodi haioni kibodi. Hapa kwa hii tundu ya kuchomeka, imekufa. Ni ile bodi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai, na nikasikia Githurai ikiniita kwa jina. Hasira ikanipanda mpaka nywele.

"Baba Jackie," nikasema, "mimi nilikuwa nataka kazi. Wewe umeniletea takataka ya Nairobi ukaifunga na skrubu! Ni siku gani ushawahi kufunga kitu kikakaa kimefungwa? Ni siku gani?"

Fahim akaangalia viatu vyake. Kagwe hakuinua sauti. Angeiinua ningefurahi.

"Sawa, Mama Jackie," akasema.

Fahim alikunywa chai yake haraka haraka ikamchoma. Akaniachia zile karatasi akisema atapita Jumapili jioni, na kama mashine bado, basi atazipeleka kwa watu wa kutaipu mjini Thika. Alilisema kwa heshima, na ndiyo maana liliuma.

Jumapili tulienda kanisani bila kuongea na tukarudi bila kuongea. Kagwe akavua koti, akaanza kufungua mashine ili aitoe ile bodi. Nami nikachukua kibodi niirudishe ndani ya boksi lake. Niliiweka kwenye meza ya jikoni, na kabla sijaifunga, nikaiwekea vidole kama kumuaga mtu. Vidole vinane mahali pake, dole gumba juu ya ile ndefu ya kuacha nafasi. Sikuangalia. Huwa siangalii.

Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikaniambia jambo. Herufi A ilikuwa chini.

Haikuwa imezama sana. Kwa macho usingeona kitu, na wanaume wawili waliitazama siku mbili wasione. Lakini mtu aliyeibonyeza A miaka kumi na tisa anajua inapoishi. Niliigusa, ikashuka kidogo na haikurudi. Jirani yake S ilirudi kwa uvivu. Nikatoa kidole, kikanata. Nikakilamba.

Kilikuwa kitamu.

Ngai wangu! Nilikaa kwenye stuli. Alhamisi, nikiwa na furaha yangu, niliosha vile vitambaa nivitie stachi visimame vizuri, nikakuta stachi imeisha. Mama yangu alinifundisha kwamba stachi ikikosekana, unachemsha maji na sukari nyingi. Na kitambaa, kila mama anajua, hukitandika kikiwa bado kibichi, kikaukie hapo hapo kishike umbo lake. Kile cha kibodi nilikibonyeza mwenyewe pembe kwa pembe, nikaona kinavyokaa vizuri, nikaenda kulala. Mashine ilikuwa inalia kwa sababu mtu ameifinya A wala haiachilii, na mtu mwenyewe ni mimi. Nyani haoni kundule.

Nakiri kwamba wazo la kwanza lilikuwa kunyamaza. Maji moto kidogo, kitambaa kikavu, nichomeke, iwake. Kagwe angesema ni kile kifutio, au ni mungu wa umeme, na mimi ningesema asante. Nilikuwa tayari nimeshika birika.

Kagwe akaingia jikoni. Alikuwa na bodi mkononi, ameishika pembeni kama mtu anayeshika sahani ya moto.

"Nisamehe, Mama Jackie," akasema. "Wakati nilinunua hii, yule mtu aliniambia ni ya kubahatisha. Nikajiambia itakubali tu. Sikutaka kukuona ukikaa ukingoja." Akaigeuza ile bodi mkononi. "Nimeamua kuomba foreman anipatie shift mbili mpaka Krismasi. Tutanunua ingine mpya kabisa. Ngendo umwambie angoje."

Shift mbili, na miguu yake ile inayovimba. Nikaweka birika chini.

"Bodi haina shida," nikasema.

"Ati nini?"

"Ni sukari."

Nikamweleza yote, stachi, mama yangu, kitambaa kibichi. Alinisikiliza bila kupepesa. Kisha akaweka bodi mezani, akaigusa ile A kwa kidole, akakilamba pia.

"Haiya!" akasema. "Ni tamu kweli."

Akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta, akacheka akakaa sakafuni na suruali yake ya kanisa, akisema bodi imeshtakiwa bure, bodi haijakosea mtu. Nami nikakasirika upya.

"Unacheka nini? Amka ulete bisibisi!"

Tuling'oa herufi kwa mpini wa kijiko cha chai, A, S, Z na ile ndefu, tukazisafisha kwa spiriti ya taa ya presha. Tukaianika kibodi dirishani kwenye jua, na Kagwe akarudisha bodi mahali pake. Saa tisa akachomeka kila kitu. Ikalia pi, mara moja tu, ikanyamaza, ikawaka.

Nilikaa kwenye kiti changu. Yeye alisimama nyuma yangu, na mimi nikajua ninachodaiwa. Lakini mdomo wangu umesomea kutukana tu, kuomba msamaha haujui. Vidole ndivyo vyenye elimu. Nikataipu:

Kwa Bw. Kagwe,
Fundi wa Umeme,
Ruiru.

Bwana,

MINTARAFU: MANENO YA JUMAMOSI

Maneno niliyoyasema mbele ya mgeni hayakuwa ya kweli, na naomba yaondolewe kwenye faili. Mashine uliyonitengenezea ni nzuri. Mikono iliyoitengeneza naipenda, hata inapobakiza skrubu.

Wako mtiifu,
Magdalene.

Alisoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika kwenye "mtiifu" akakohoa. Kisha akainama juu ya bega langu, akanyoosha kidole kimoja kinene chenye kovu la waya, akaanza kutafuta herufi moja moja. Alichukua muda mrefu. Nilihisi pumzi yake sikioni na sikumharakisha, jambo ambalo si kawaida yangu. Alipomaliza, chini ya jina langu palikuwa pameandikwa:

OMBI RIMEKUBARIWA

Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kuacha kosa kwenye kazi ya mtu, hata la koma. Hilo sikuligusa. Nililihifadhi vilevile kwenye disketi, kisha nikavuta karatasi za Fahim, nikafungua ukurasa mpya.