Kaburi la Omaido Halipasuki Tena

Asekenye alikamua ng'ombe, akalibeba dumu la maziwa, akaliweka juu ya kaburi la mumewe ili maziwa yapoe. Kaburi lilikuwa mbele ya nyumba, pale Buhehe, kando ya barabara inayotoka Majanji, na kila alfajiri liliganda. Barafu nyeupe ililifunika lote, ikakaa hadi jua lilipopanda, kisha ikayeyuka na kunywesha mihogo. Kwingine kote kijijini joto lilikuwa lile lile la siku zote. Jirani yake Lillian alileta soda zake za kuuza. Wachuuzi wa samaki nao walipoomba nafasi, Asekenye aliwafukuza. Alisema Omaido amelinda samaki vya kutosha.

Omaido alikuwa mpakiaji wa lori la samaki. Kampuni ilimkalisha nyuma, kwenye baridi, ili samaki wasiibwe njiani, na mlango ulifungwa kwa komeo la nje. Siku moja foleni ya mpakani ilikuwa ndefu, dereva akashuka kutafuta chakula, akajisahau. Walipofungua, samaki walikuwa salama.

Asekenye alitaka hayo yasomwe na kila apitaye. Fundi Ochwo alimwaga zege juu ya kaburi, naye Asekenye akaandika kwa msumari, zege lingali bichi: OMAIDO. WALIMFUNGIA KWENYE BARIDI. Lakini maji yaliyoingia kwenye zege yaliganda na kuvimba alfajiri, yakayeyuka mchana, yakaganda tena, na mwezi haukuisha kabla maneno hayajawa vipande. Ochwo alimwaga upya kwa saruji nyingi zaidi. Likapasuka vile vile.

Ndipo akaja Jovan, mtu wa kampuni, shati limepigwa pasi.

"Pole, mama. Sisi naleta marumaru safi, haipasuki. Tunaandika tu, ajali."

"Ajali ndiyo ilifunga komeo?"

"Mama, hata Mungu nakataa hiyo maneno yako. Ona vile imevunjika."

"Mungu hajakuja hapa. Umekuja wewe. Rudi na marumaru yako."

Shati lile lilistahili kumwagiwa maziwa, na lilimwagiwa.

Alipokuwa akiokota vipande, Asekenye aliona kimoja hakina ufa. Ndani yake kulikuwa na kisigino cha kandambili yake ya tairi, kilichokatika siku ya kuandika na kuzama kwenye zege, Ochwo akaona uvivu kukitoa. Alikibonyeza kwa kidole gumba. Mpira ulibonyea, ukarudi. Akaelewa kwamba hapo barafu ilikuwa imepata mahali pa kujinyoosha bila kuvunja kitu.

Alikwenda Busia mjini kwa Muniru, anayekwangua matairi makuukuu ili ayavishe mpira mpya, akaomba chenga zinazoanguka chini ya mashine.

"Za nini, mama?"

"Za mume wangu."

Muniru alimpa pole, akajaza gunia.

Ochwo ndiye aliyeleta ubishi.

"Mimi nakwenda weka mipira kwa kaburi? Watu nacheka mimi!"

"Wacheke. Changanya."

Akachanganya, chenga ndogo kama mtama ndani ya mchanga na saruji, akimwaga huku amenuna. Asekenye aliandika maneno yale yale, na safari hii akaongeza jina la kampuni, kwa herufi kubwa kuliko zote.

Maji yaliganda ndani ya zege, yakayeyuka, yakaganda. Mvua ndefu zilikuja zikapita. Herufi zilibaki kali, na abiria wa bodaboda waliwaomba madereva wao wapunguze mwendo ili wasome.

Malori ya kampuni yaliendelea kupita. Asubuhi moja lori lilisimama, na kijana mmoja akashuka kutoka kwenye kiti cha mbele ili akakae nyuma, kwa kuwa vizuizi vya polisi vilikuwa karibu, na lori likisimama hapo samaki huibwa. Alipangusa barafu kwa mkono wa koti lake, akasoma mpaka mwisho. Asekenye akamwuliza jina.

"Opio."

"Opio, kesho mkipita hapa, piga bati la lori kutoka ndani."

Dereva akafunga komeo, wakaondoka.

Asubuhi iliyofuata Asekenye alisimama katikati ya barabara, mikono kiunoni. Lori lilikuja, Opio keshafungiwa nyuma, na dereva akapiga honi, akatukana, akapiga honi tena. Asekenye hakusogea hata kidogo. Alitega sikio kuelekea nyuma ya lori, mpaka aliposikia ngumi ya Opio ikigonga bati. Hapo akapisha.

Sasa husimama kila siku. Komeo bado liko nje.