Jiwe la Lurena

Orville Stamper alitaka kujua kama sheria ya jimbo inamruhusu kumpiga risasi mbwa wa jirani. Mbwa alikuwa amekula kuku wanne, na wa tano kamwachia mguu mmoja. Wakili akamwuliza kama alimfumania mbwa katika tendo lenyewe. Orville akasema alimkuta amelala juu ya manyoya, ameshiba.

"Basi sheria haikuruhusu," wakili akasema.

"Nimeshampiga."

Watu waliokaa kwenye viti vya plastiki wakacheka, na wakili mwenyewe akainama kuficha uso. Ardith Lester hakucheka. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa tangu mlango ulipofunguliwa, mkoba magotini, viatu vyake vya kanisani vimeganda tope. Chumba kilikuwa chini ya jengo la mahakama ya wilaya, kinanuka ukungu na kahawa ya asubuhi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wakili hutoka mjini kuja kujibu maswali ya watu bure, kila mtu na dakika zake kumi. Wengi huja na habari za mbwa, mipaka na waume waliotoroka.

Zamu yake ilipofika, Ardith alisogea mbele taratibu. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba, na nywele zake zilikuwa na rangi ya kutu kidogo. Maji ya kisima chake ndiyo yaliyozitia rangi hiyo tangu kampuni ya makaa ya mawe ilipoanza kukata mlima juu ya nyumba yake. Wakili alikuwa msichana aitwaye Kessler, ana miwani na uso wa mtu ambaye bado hajachoka.

"Nina swali moja tu, binti yangu," Ardith akasema. "Kaburi linahesabika kuwa kaburi likiwa na nini?"

Kessler akaweka kalamu chini. "Una maana gani, mama?"

"Makaburi yetu yako juu ya mlima. Mlima umeuzwa, sisi hatukuulizwa. Sawa. Kampuni imeweka uzio kuzunguka makaburi, wanasema sheria imewaambia wasichimbe karibu. Sawa. Lakini uzio umezunguka wale wenye mawe ya dukani, yaliyochongwa majina. Mwanangu yuko nje ya uzio."

"Hana jiwe?"

"Analo. Jiwe la mtoni. Sisi wa bondeni zamani nani alikuwa na hela ya jiwe la dukani? Unashuka kijitoni, unachagua jiwe zuri, unalisimamisha kichwani pa mtu wako. Halina jina, la nini? Kila mtu anajua ni la nani."

Hapo ndipo watu wa bonde lile walipojikaanga kwa mafuta yao wenyewe. Vizazi na vizazi hawakuandika kitu, kwa kuwa kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Mei, walipanda wote mlimani kupamba makaburi. Waliparura nyasi, wakainua tuta upya, wakachomeka maua ya karatasi yaliyochovywa nta. Kisha wakatandika vitambaa chini na kula pamoja na wafu wao, na watoto wakaoneshwa kwa kidole: huyu babu yako, huyu shangazi yako, huyu alikanyagwa na nyumbu wa shamba. Ndipo mpimaji wa kampuni akaja na mashine yake ya miguu mitatu. Alihesabu majina, na palipokuwa na jiwe tupu akaandika kwamba ni jiwe.

"Nani alikwambia kuhusu uzio?" Kessler akauliza.

"Doyle, mtoto wa marehemu kaka yangu. Analinda lango la kampuni. Alinong'ona kanisani wakati watu wanaimba."

Kessler akafungua kitabu kinene, akapitisha kidole. "Sheria inalinda kaburi lililowekewa alama, au linalojulikana."

"Basi linajulikana."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Namaanisha kuna cheti? Picha? Mtu mwingine aliyekuwepo siku ya mazishi?"

"Mchungaji amekufa. Mume wangu Hobert amekufa na vumbi la makaa kifuani. Mama amekufa. Wote wako huko huko juu, kawaulize."

Msichana akafunga kitabu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimchosha Ardith zaidi, maana mtu mbaya angemjibu na wakamalizana. Akaeleza kwamba mtu anaweza kwenda mahakamani kuizuia kampuni, ila atahitaji wakili na mtaalamu wa kupima ardhi, na yeye hapa anaruhusiwa kueleza sheria tu, haruhusiwi kumsimamia mtu.

"Kampuni ina mawakili wangapi?"

"Wengi, mama."

"Nao wanakaa chini ya jengo kama wewe?"

Kessler akawa mwekundu. Akainama karibu, akapunguza sauti. "Sikia. Sheria inawalazimisha wakufungulie lango uzuru kaburi. Hilo hawana ujanja. Nenda, na ukifika, andika jina juu ya jiwe hilo. Chonga. Likishakuwa na jina ni kaburi lenye alama, na uzio itabidi usogezwe. Lakini lichongwe palepale lilipo, kabla mashine hazijafika."

"Sasa umesema kitu."

"Bado una dakika mbili."

"Mpe yule wa mbwa," Ardith akasema, akachukua mkoba wake.

*

Jumapili ya mwisho ya Mei alifika langoni na kapu. Ndani mlikuwa na kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi na keki ya tufaha. Chini ya kitambaa, patasi na nyundo ya Hobert. Mkono wa pili ulibeba furushi la maua ya karatasi aliyoyakunja majira yote ya baridi. Alikuwa peke yake. Walioupamba mlima pamoja naye walishauza nyumba na kuhamia mijini kwa watoto wao, na waliobaki magoti yao hayapandi tena.

Doyle alitoka kibandani akivuta suruali juu. Mtu mzima wa miaka arobaini, ana tumbo, ana watoto watatu na kazi pekee iliyobaki katika bonde zima.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Fungua."

"Uvae kwanza kofia ngumu. Na buti hizi. Ndiyo utaratibu."

Buti zilikuwa za mwanaume, miguu yake ikaogelea ndani. Kofia ilimfunika hadi kwenye nyusi. Doyle akajizuia kucheka.

"Cheka tu," Ardith akasema. "Baba yako angecheka."

"Una saa moja, Shangazi. Halafu nikushushe."

"Sheria imesema saa moja?"

"Sheria imesema muda wa kutosha. Saa moja imesema kampuni."

"Na Mungu naye amesema ngapi?"

"Shangazi, mimi naambiwa tu. Usiniweke kati."

"Upo kati siku nyingi, mwanangu. Endesha."

Pikapu ya kampuni ilipanda kwa barabara mpya, pana kama uwanja. Ardith alitazama nje akitafuta kitu cha kumwonesha alipo. Kilima alichochumia matunda ya porini utotoni hakikuwepo, na kile cha nyuma yake hakikuwepo. Palikuwa na ngazi za udongo wa kijivu na mashine zikinguruma, Jumapili au si Jumapili. Leo alikuja kwa jambo moja.

Walipofika, aliona uzio kwanza. Mpya, unang'aa, na lango dogo lenye bawaba zilizotiwa mafuta. Ndani, mawe ya majina yalikuwa yamesimama safi, la Hobert likiwemo, lile alilolipiwa na chama cha wachimbaji. Mbele ya uzio kilisimama kibao kirefu cha chuma juu ya nguzo: MAKABURI HAYA YANALINDWA NA SHERIA ZA JIMBO.

Nje ya uzio hapakuwa na kitu. Palikuwa na udongo wa manjano uliosawazishwa na kutawanywa mbegu za nyasi na majani makavu.

Ardith alishuka. Alizunguka uzio mara moja, buti zikimburuza, kisha akarudi pale alipoanzia.

"Mawe yako wapi, Doyle?"

Doyle alikuwa anatazama buti zake. "Walisafisha juzi. Mkaguzi wa jimbo anakuja kesho. Walitaka pawe pazuri."

"Nimekuuliza mawe yako wapi."

"Sijui, Shangazi. Kweli tupu. Mimi nilikuwa langoni."

"Bibi yako mzaa mama yuko wapi?"

Doyle akautazama udongo wa manjano. Bibi yake naye alikuwa na jiwe la mtoni.

Ardith akasogea hadi kwenye kibao. Nguzo ilisimikwa kwa haraka katika udongo laini, nao waliosimika hawakuleta zege. Walikusanya mawe yaliyokuwa karibu, wakayashindilia shinani. Akapiga magoti. Jiwe la kwanza hakulijua. La pili alidhani ni la mjomba wake. La tatu lilikuwa bapa, la kijivu, limemeguka bega la kulia, pale sururu ya Hobert ilipoligonga siku aliyolisimamisha, kijana wa miaka ishirini na mbili asiyejua atatazama wapi.

Akaliwekea kiganja. Aliumia mahali ambapo alidhani pamekwisha kufa ganzi.

"Lurena," akasema.

Doyle akavua kofia. "Shangazi, nitawaambia. Kesho nitaongea na msimamizi, nitamwambia..."

"Utamwambia nini? Kwamba shangazi yako analijua jiwe?"

Akafunua kitambaa cha kapu, akaweka kuku pembeni, akatoa patasi. Akaichomeka kati ya jiwe na nguzo, akaanza kulilegeza.

"Usiling'oe hilo. Kibao kitaanguka."

"Na kikianguka?"

"Mkaguzi lazima akikute kimesimama. Nitafukuzwa kazi, Shangazi. Watoto wangu unawajua."

"Nawajua. Nimewaogesha." Hakuacha kulilegeza. "Basi kishikilie."

Jiwe likatoka, na nguzo ikalala upande. Doyle akaruka, akaidaka kwa mikono yote miwili. Ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana. Akaikumbatia, bega chini ya chuma, uso umembadilika rangi.

Ardith akainuka kwa shida, jiwe kifuani. Mtoto mwenyewe alikuwa mwepesi kuliko hilo. Alikaa duniani siku mbili, akapewa jina, akaondoka. Akatoka nalo kwenda kwenye udongo wa manjano. Kila mwaka alikuwa akianzia penye mti wa maua meupe, akashuka kidogo, akageuka kuelekea alipo Hobert. Aligeuka alipo Hobert. Mti haukuwepo. Akaenda huku, akarudi, akaenda kule. Akasimama mahali, akatikisa kichwa, akasogea tena.

Kule chini king'ora kikalia. Ndivyo walivyotangaza kwamba baruti inakaribia kulipuliwa. Redio ya Doyle kiunoni ikakwaruza, ikamwita kwa jina.

"Shangazi, saa imekwisha. Wanataka kulipua. Tushuke."

Ardith akachukua maua, akaanza kuyachomeka, moja hapa, moja pale, mpaka kwenye ukingo wa mwisho uliokatwa, kwa kuwa Lurena alikuwa chini ya moja kati ya hayo. Yalipokwisha akaketi katikati ya maua hayo, kofia ya kampuni kichwani, jiwe mapajani.

"Shangazi, tafadhali. Wananiita."

"Wajibu."

"Siwezi. Mikono yangu imejaa."

"Basi waje wenyewe. Waje na mpimaji wao, aandike nilipokaa."

Akaweka patasi juu ya jiwe, akainua nyundo. Herufi ya kwanza ilikuwa rahisi, mstari mmoja wima na mmoja wa chini. King'ora kikalia mara ya pili. Redio ikamwita Doyle tena na tena, kwa jina lake kamili, lakini hakuwa na mkono wa kuibonyeza. Alisimama pale pale, jasho likimtiririka, akiishikilia sheria ya jimbo isianguke.