Khitma Iliyotoa Masofa Uani

Mkaza mwanangu Zulekha, mke wa mwanangu Usama, ana maradhi ya kununua. Akishika simu kidole hakitulii. Haipiti wiki boti haijamshushia boksi bandarini Mkoani. Kaleta friji la pili kulisaidia la kwanza. Kaleta kabati la vioo la vikombe visivyonywewa, na beseni la umeme la kukandia miguu, miguu yenyewe haijatembea kupita mji wa Chake! Ukumbini tunapita ubavu ubavu kama kaa.

Juzi akanijia na sauti ya asali.

"Mama, yanakuja masofa mengine. Nimeona wewe uhamie banda la uani. Kule kuna upepo."

"Na kuku," nikamwambia.

Chumba changu marehemu mume wangu alikijenga kwa mikono yake, na dirisha akaliweka upande wa mikarafuu kwa ajili yangu. Miaka arubaini nalala mle. Lakini kugombana na anayekupikia si akili. Nikasema, "Inshaallah, mwanangu. Tumsomee kwanza baba yenu khitma. Ijumaa, humu humu ndani."

Nani akatae khitma? Nikaalika wanawake wa mtaa mzima, na wa mtaa wa pili nao, wasije wakanuna. Asubuhi ya Ijumaa ikabidi kila kitu kitolewe uani ili mikeka ipate pa kutandikwa. Zulekha akihema kama mbuzi wa Idi.

Wakasoma, wakala, wakashiba. Hewa ikiingia mlango wa mbele ikitokea wa nyuma, na wageni hawana habari ya kuondoka. Mwisho wakainuka, kama ilivyo ada, kumsaidia mwenyeji kurudisha vitu.

"Hiki mahala pake wapi?" akauliza jirani yetu Ummi, kabeba boksi halijafunguliwa.

Zulekha akalitazama. "Mna nini ndani?"

"Waniuliza mie? Mali yako!"

Wanawake wakaangua kicheko. Likaja boksi la pili, la tatu, yote hajui yana nini. Haya zikamshika, akanyoosha kidole: "Tieni chumbani kwa mama."

Ummi akalitua boksi, pu!

"Chumbani kwa Bi Mize? Kwani leo tumemsomea mumewe au yeye?"

Nilikuwa mlangoni na tasbihi yangu. Nikakohoa kidogo, wajue ningali hai.

Uso wa Zulekha ukashuka mpaka kifuani.

"Basi," akasema. "Chumba cha mama kisiguswe. Na hayo maboksi, anayetaka achukue."

Wakachukua, tena mbio, kabla hajageuka! Zulekha akawaandikia wenye masofa wasilete. Akakaa juu ya mkeka, akanyoosha miguu, akautazama ukumbi kama mgeni.

"Mama, kumbe nyumba yetu kubwa hivi?"

"Ilikuwa kubwa hujaolewa," nikamjibu, nikenda zangu kulala chumbani kwangu.