Sekunde Tisa za Philbert

Jumamosi saa kumi alasiri Lea alitandika khanga kuukuu kwenye uwanja wa shule, pale Mbalizi, akapanga juu yake bisibisi, betri za tochi na ndege ya mbao ya mumewe. Ndege yenyewe haikuzidi urefu wa mkono. Ilifungwa nyaya mbili nyembamba zilizofika hadi kwenye kishikio katikati ya uwanja. Mrushaji husimama pale, nayo humzunguka kama mbuzi wa kambani.

Punde Philbert akafika. Alikuwa na siku ishirini tangu azikwe, na nguo zake bado zilinuka mbao zilizoungua.

"Umechelewa, Baba Alinanuswe."

"Njia ya kule ina tope."

Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha mbao. Ndani ya ndege alitia kifaa cha kuhesabu muda, alichokiunga kwa vyuma vya redio mbovu. Skrubu ya kwanza iliipa mota muda wa kungoja, mtu aiache ndege na kutembea mpaka kwenye kishikio. Ya pili ilipanga muda wa kuruka. Philbert aliweka ya kwanza sekunde thelathini, akabonyeza, akaanza kutembea. Ilipofika tisa ndege ikaondoka. Kishikio kikasimama hewani chenyewe, nayo ikazunguka dakika nne, ikatua.

"Inakataa," alisema.

"Wiki iliyopita pia ilikataa."

Kifaa cha namna ile kilikuwa pia kwenye tanuri la kukaushia mbao. Kengele hulia kwanza, aliye ndani atoke, kisha mlango hujifunga na moto hupulizwa. Muda ulikuwa sekunde thelathini. Meneja akaagiza ziwe tisa, tanuri lisipoe bure. Philbert akakaza skrubu kwa mkono wake mwenyewe, maana agizo ni agizo, na watoto wanakula. Siku moja aliingia mwenyewe, mlango ukamfungia ndani.

Barua ya kiwanda ikasema marehemu alikuwa amelewa. Mtu ambaye hata togwa iliyolala ikachacha haonji! Wazee wa kanisa wakamzika bila kwaya, kama wanavyozikwa walevi. Lea alitaka jambo moja tu: barua isahihishwe, ili siku ya arobaini mumewe aimbiwe. Akamwandikia mkaguzi wa kazi, Iringa.

Mkaguzi akaja kwa basi Jumamosi iliyofuata, akaongozana na meneja mpaka uwanjani.

"Kamwene," alimwamkia marehemu.

"Kamwene, mzee."

Philbert akaweka thelathini. Mkaguzi akatazama saa yake ya mkononi. Ndege ikaondoka.

"Tisa," alisema, akaandika.

"Huyu alikuwa mbishi tangu akiwa hai, ndugu mkaguzi," meneja alisema. "Hata ndege yake haimtii."

"Mimi nilikutii," Philbert alimjibu. "Ndiyo maana nanuka hivi."

Meneja akatazama viatu vyake. Philbert akaeleza yote, akatia dole gumba kwenye maelezo. Karatasi ikaungua kidogo pembeni. Mkaguzi akaipuliza, akaiweka kwenye mkoba.

Jibu likaja siku mbili kabla ya arobaini. Ilithibitika kwamba muda ni sekunde tisa, na ushahidi wa marehemu umepokelewa kwa shukrani. Ila kwa kuwa kiwanda kimevuka lengo la mwaka, muda usiguswe. Tena, kwa kuwa sekunde tisa zimekubaliwa kuwa zinatosha, aliyeshindwa kutoka ndani ya muda huo bila shaka alikuwa amelewa.

Arobaini ikapita, kwaya haikuja. Wazee walituma mkungu wa ndizi.

Jumamosi Lea akamsomea mumewe barua, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alidhani ameruka mstari.

"Tanurini sasa anaingia nani?" Philbert aliuliza.

"Seni. Yule mwenye watoto watano, aliyetoka Igawa."

"Mwambie awe anakimbia."

"Anakimbia," Lea alisema. "Siku hizi anaingia pekupeku."