Uso wa Judith na Maziwa ya Mzee Gidamis

Zilikuwa zimebaki karatasi mbili nzito za kuchapia picha. Zile nyepesi zilijaa bahasha nzima, lakini nzito zilikuwa mbili tu, na saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa tano.

Nje, ukungu wa mlima Hanang ulikuwa umeketi juu ya Gitting tangu alfajiri, ule ukungu unaoingia mpaka kwenye debe la unga. Zita alifunga dirisha, akalifungua, akalifunga tena.

Mjukuu wake Judith, mtoto wa miaka minne, alikuwa amelazwa Arusha, ana uvimbe tumboni. Daktari alisema atampasua kesho Ijumaa asubuhi, ila saini aipate leo, kabla ya saa kumi jioni. Hilda, binti wa Zita, ndiye mama wa mtoto, na kalamu alikuwa nayo. Mume wake Benedict naye alikuwa nayo. Lakini Benedict ni mtoto wa Gidamis, na katika mji wa Gidamis, kule chini uwandani kwenye ng'ombe, mtoto haguswi na kisu kabla mzee hajambariki kwa maziwa na siagi. Benedict alishasema wazi: bila neno la baba, hasaini. Hilda naye aliogopa kusaini peke yake, kwa sababu mtoto akipata neno baya, ndoa nayo imekwisha.

Magoti ya mzee yalikuwa hayafiki Arusha tena. Kubariki kwenye simu alikataa. "Simu ina sauti, haina paji la uso," alisema. "Nionyesheni uso wa mtoto."

Uso wa mtoto ulikuwa kwenye kadi ya kamera. Xavery, mdogo wake Zita, alimpiga Judith picha hospitalini siku ya Jumapili na kuileta kadi. Printa ilikuwa hapo hapo sebuleni kwa Zita, juu ya meza ya cherehani, ile aliyotumia kuchapa picha za ubatizo na komunio ya kwanza. Mzee angefika saa sita.

Mtu angesema kazi yenyewe iko wapi? Tia karatasi, bonyeza, umemaliza. Na ingekuwa hivyo, kama si habari ya Marko.

Marko alikuwa kitinda mimba wa Gidamis. Mwaka juzi aliondoka haraka kwenda kutafuta kazi mbali, hakuagwa vizuri, na mzee akaomba picha yake ambariki nyuma yake. Zita ndiye aliyeichapa. Mzee alipoipulizia maziwa, uso wa kijana ukayeyuka. Macho yalishuka mashavuni, mdomo ukaenda shingoni, na watu wa mji mzima wakasimama wanaangalia. Baada ya miezi mitatu Marko aligongwa na lori akafa. Tangu hapo Gidamis hakugusa picha ya mtu yeyote; hii ya Judith ingekuwa ya kwanza.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Zita alilijua peke yake, nalo lilimkalia kifuani kama ugali mbichi. Picha ya Marko aliichapa kwenye karatasi nyepesi. Nzito zilikuwepo kabatini, ila aliwawekea watoto wa komunio. Alijiambia, kijana wa kusafiri, nyepesi itamtosha. Na alishawahi kuona tone la chai likila wino wa karatasi ile. Alijua. Wala hakumwambia mtu.

"Mimi ningechukua hii," alisema Bernadina, jirani yake, akiinua nyepesi mbele ya dirisha. "Ona inavyong'aa, kama pua ya ndama. Mzee macho yake yana ukungu kuliko huu wa nje. Kwenye hiyo nyingine hataona kitu."

"Hii ina mng'aro wa kukopa, Bernadina. Ukiudai haulipi."

"Haya, mwalimu wa karatasi."

Zita hakubishana. Alitoa picha mbili za zamani zilizoharibika, moja ya kila aina, akazilaza mezani, akachovya kidole kwenye kikombe cha maziwa na kudondosha tone moja moja. Kwenye nyepesi, tone lilikaa kidogo, kisha likaanza kuwa la bluu, kisha la zambarau, likatembea. Kwenye nzito lilisimama mviringo kama umande kwenye jani la kabichi. Alipolifuta, rangi ilikuwa mahali pake.

Bernadina alirudisha nyepesi kwenye bahasha bila kuambiwa.

"Lakini hii nzito ina ubaya wake," Zita alisema. "Mgongo wake ni kama plastiki, haunywi maji. Wino unakaukia juu tu, na kwa ukungu huu unataka saa nzima au zaidi."

"Basi chapa, mama Hilda. Unaongea na nani?"

Haraka ndiyo iliyomponza. Printa ile hula karatasi ikiwa imeinamisha uso, na katika mwanga ule wa ukungu pande zote mbili zilionekana sawa machoni. Alitia, akabonyeza. Karatasi ilitoka na uso wa Judith umeogelea kwenye madimbwi madogo ya wino, hauna pua. Alikuwa amechapa mgongoni.

Ilibaki moja.

Safari hii Zita hakuyaamini macho. Alilowesha mdomo kwa ulimi, akaugusisha pembe ya karatasi, upande huu, kisha upande ule. Upande mmoja uliteleza. Mwingine ulimshika mdomo kidogo, kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa. "Huu," alisema. Akaulaza ukitazama chini, akafanya ishara ya msalaba, akabonyeza.

Judith alitoka mzima, mstari kwa mstari: nywele, paji, macho makubwa, tabasamu la meno yaliyopishana. Ilikuwa saa tano na nusu. Zita aliilaza picha juu ya kabati, mbali na dirisha. Bado alikuwa ameinua mikono pale mbwa alipobweka na pikipiki ikazima mlangoni.

"Amewahi," Bernadina alinong'ona.

Gidamis aliingia ameinama, fimbo mkono mmoja, kibuyu cha maziwa na kikopo cha siagi vikiwa ndani ya shuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Hilda. Mtoto yuko wapi?"

"Anakauka, mzee. Tumpe muda."

"Kwani ni ngozi?" Akakaa. Hakucheka, lakini alikubali chai.

Zita alimimina taratibu kuliko siku zote. Aliuliza habari za ng'ombe, za malisho, za njia ya Mogitu. Mzee alijibu yote kwa neno moja moja huku akiitazama saa ambayo hakuweza kuisoma. Hatimaye Zita akashika lile alilozoea kulishika maneno yakimwishia.

"Kitendawili."

Mzee alimtazama. "Tega."

"Mlinzi wangu halali na hana macho."

"Boma la miiba. Hicho nilikitegua kabla wewe hujazaliwa."

"Kitendawili."

"Tega."

"Ana macho haoni, ana mdomo hasemi, mama yake akimwona analia."

Zita alikuwa anamaanisha picha. Neno lilimtoka tu, kwa sababu ndilo lililokuwa moyoni. Gidamis aliweka kikombe chini.

"Maiti," alisema.

Bernadina aliangalia sakafu. Mzee alisimama, fimbo ikagonga simenti. "Mama Hilda, unanichelewesha. Mtu hamcheleweshi mwenzake hivi kama hakuna kitu anaficha. Hiyo picha imeshayeyuka, si ndiyo? Niambie niende nikamwambie Benedict amrudishe mtoto nyumbani."

"Haijayeyuka."

"Basi ilete."

Zita aliileta. Aliishika kwa kingo, akaiweka mezani mbele yake, na alipoona kibuyu kinafunguliwa, alikifunika kwa kiganja chake. Mwanamke kumzuilia mkwewe kibuyu, hilo halijawahi kuonekana.

"Mzee, nisikilize kwanza. Marko hakuyeyuka. Nilimyeyusha mimi."

Gidamis hakutikisika.

"Nilikuwa na karatasi nzuri, nikamnyima. Nilimchapa kwenye ile mbovu, na nilijua haistahimili maji. Uliposikia msiba ukasema uliona mapema, nami nikakaa kimya, nikakuacha uamini. Leo nimeweka karatasi nzuri, lakini haijakauka vizuri. Ikimwaga rangi, si mtoto. Ni wino wangu."

Matone ya ukungu yalidondoka kutoka bati.

"Miaka miwili," mzee alisema polepole. "Miaka miwili ninaamka na kusema, mimi ndiye niliyemwona mwanangu anakufa nikashindwa kumrudisha. Hata ng'ombe wake siwezi kumkamua. Na wewe ulikuwa hapa unakunywa chai."

"Ndiyo, mzee."

"Ulistahili fimbo."

"Ndiyo."

Alimtazama mpaka Zita akadhani ataondoka. Kisha akasema, "Ondoa mkono wako kwenye kibuyu."

Akaondoa.

Mzee alijaza mdomo maziwa, akainama, akapuliza. Matone yalitua juu ya uso wa Judith yakasimama, meupe, mviringo, kwenye mashavu, kwenye nywele, moja kwenye jicho. Aliinua picha wima. Maziwa yaliteleza chini, yakadondoka sakafuni, meupe vile vile. Meno yaliyopishana yalikuwa bado yanacheka.

Lakini siagi ilikuwa haijapakwa.

Gidamis alichota siagi kwa kidole gumba, akakikandamiza kwenye paji la uso la mtoto, akavuta kuelekea kwenye nywele, akisema maneno ya kwao taratibu. Alipoinua kidole, paji la uso lilikuwa na mchirizi mweupe, na kidole kilikuwa cha kahawia.

Bernadina alishika mdomo.

Mzee alikisogeza kidole karibu na macho yake mabovu. Akakisugua kwa kidole cha pili. Akakinusa.

"Wino," alisema.

"Wino, mzee," Zita alisema.

Mzee alijifuta kidole kwenye shuka, ikabaki alama ya kahawia pale, akanyoosha mkono. "Nipigie huyo kijana."

Zita alipiga. Simu iliita mara tatu.

"Shikamoo, baba," Benedict alisema.

"Marahaba. Nimemwona mtoto. Weka saini." Akaitazama picha tena. "Na mkirudi, mpite kwangu. Kuna ng'ombe wa ndugu yako hana wa kumkamua."