Mtu wa Ndevu Ndani ya Prufu

Mhariri alinirudishia prufu za riwaya yangu, kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, huku akila yai la kuchemsha. Kiini kilimganda kwenye kidole gumba, na kwa kidole hichohicho akafunua ukurasa wa kwanza.

Riwaya inamhusu mama yangu, fundi cherehani. Mchana mmoja, akipinda sketi ya mteja, alisikia sauti ikimwita. Chumba kikajaa nuru, naye akajua kwamba anapendwa. Basi. Baba na wajomba wakasema amerukwa na akili, wakamfungia ndani miezi minne. Nimeandika miaka sita ili watu wajue hakuwa mwendawazimu.

Kumbe mhariri ameniongezea mtu! Mzee wa ndevu nyeupe, amejibanza kando ya cherehani, anamfafanulia mama maana ya sauti. Kila nuru inaposhuka, na yeye yupo.

"Wasomaji watauliza nani kamwongoza," alisema akilamba kidole. "Mwanamke hawezi kuona mambo mazito hivi hivi tu, dada yangu. Tumekusaidia. Tia sahihi kila ukurasa, Jumatatu tunachapa. Hutaki, hakuna kitabu."

Tumekusaidia! Nilitoka bila kuaga, nikaenda kunawa mikono.

Nyumbani nilimsomea mama, maana hakupelekwa shule. Alisikiliza, mkono juu ya gurudumu la cherehani.

"Huyo mzee kaingilia wapi?" aliuliza. "Siku ile nilijifungia kwa ndani. Nilikuwa peke yangu na Mungu."

"Kawekwa na mhariri, mama."

"Hebu nionyeshe anapoanzia na anapoishia."

Nikamwonyesha. Akapiga chaki kuzunguka mistari hiyo, akachukua mkasi, akamkata mzee yule ukurasa baada ya ukurasa, ndevu na yote.

Jumatatu niliweka mezani kwa mhariri kurasa zenye matundu, kila moja na sahihi yangu, na bahasha ya vipande.

"Nini hii?"

"Mtu wako."

Alicheka kwa dharau, akasema hawachapi. Niliumia, sitaficha. Miaka sita! Nikakusanya kurasa zangu, nikamwachia bahasha.

Mama alizishona kwa cherehani, mshono mara mbili. Nakala ni hiyo moja, na wateja wanaisoma wakisubiri nguo zao. Juzi mmoja alipitisha kidole kwenye tundu.

"Mama fundi, hapa palikuwa na nani?"

"Hapakuwa na mtu," alisema mama, akaendelea kushona.